Pamba ya Shavuni

Ilhom alijitazama kwenye kioo, akashindilia pamba shavuni mpaka likavimba. Majirani wakiuliza, mama awe na la kujibu: mwanangu kaenda kwa daktari wa meno. Mtaani kwao Samarkand, mwanamume haendi kwa mshauri wa nafsi, hamlipi mtu amsikilize akilia.

Mama yake alikuwa keshasimama mlangoni, na mkate wa duara mikononi.

"Ng'ata."

Masikio yakamwaka. Mkate wa namna hiyo hung'atwa na anayekwenda jeshini au safari ya mbali. Unaobaki hutundikwa ukutani, umngoje arudi.

"Mama, naenda kung'oa jino tu, hapo sokoni."

"Mwongo kama babako! Jana umetafuna mifupa ya kondoo hadi paka akakununia. Na usiku nakusikia, ukuta wenyewe mwembamba. Ng'ata, mwanangu."

Ilhom aliinamisha uso. Akaichomoa pamba, imelowa mate, akaifumbata kiganjani kama mtoto aliyefumaniwa akidokoa sukari. Akang'ata.

Mama akautundika mkate msumarini.

"Utarudi uumalize," alisema, akamkingia kiganja. "Na hiyo pamba nipe mimi."