Pipa la Maganda

Binti alimwaga ndoo nzima ya maganda ya machungwa ndani ya pipa, akaongeza vitunguu vilivyooza, akafunika.

"Sawa, baba?" aliuliza, akimtazama mdomoni.

Haikuwa sawa hata kidogo. Uchachu ule ungeiua gesi kabla haijazaliwa. Mzee alitaka kusema hivyo, lakini ulimi ulikaa kinywani kama wa mtu mwingine.

Kwa miaka ishirini watu wa sokoni walimwita Mzee Gesi. Alipita kwenye meza za matunda na mboga akikusanya maganda, majani ya kabichi na nyanya zilizopondeka, akiwafundisha wauzaji kuvigeuza kuwa gesi ya kupikia. Aliongea mpaka mate yakamkauka. Tangu apatwe na kiharusi, miezi minne sasa, hakuwa ametamka neno.

Binti yake, fundi cherehani, ndiye aliyerudi nyumbani kumuuguza. Kila asubuhi alimkalisha uani, kiti kikitazamana na pipa, kisha akaanza kuharibu. Jumatatu alitia maganda makavu bila tone la maji. Kesho yake akatia maji, ya sabuni! Maganda ya mananasi aliyatumbukiza mazima mazima, na wembe wa kukatia nyuzi anao mfukoni. Kila mara aliuliza, "Sawa, baba?" na kila mara akasubiri.

Mzee alikodoa macho. Alitikisa kichwa mpaka shingo ikauma.

"Njaa?" binti aliuliza. "Mama analeta uji."

Angelia, lakini hata machozi yalimtoka upande mmoja tu. Kazi ya maisha yake ilikuwa inauawa mbele yake, na muuaji alikuwa anampenda.

Ijumaa binti alifunua pipa, akainama, uso nusura uingie ndani.

"Mbona sioni kitu? Giza tupu."

Akatoa kibiriti.

Pengine gesi ilikuwa imeshakufa. Pengine bado. Mzee aligonga kiti kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Binti hakugeuka. Alichomoa njiti. Mzee akajivuta mbele, kiti kikayumba, jasho likamchuruzika.

Njiti ikawaka.

"Zi... zima!"

Sauti ilitoka nzito, ikikwaruza.

Binti aliizima. Akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, analia huku anacheka.

"Mama! Mama, njoo! Amesema!"

Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Uji aliuacha ukitokota juu ya gesi, gesi ya pipa la pili, ambalo binti yao alilijenga nyuma ya nyumba wiki tatu zilizopita, kama baba yake alivyokuwa akifundisha sokoni, bila kukosea hata hatua moja.