Ghala Lililotozwa Faini

Zamani wanyama walipoweka akiba zao katika ghala moja, mtunzaji alikuwa Panya Buku, mwenye ulimi laini. Kiangazi kilipoingia, Kindi, mjane mwenye watoto wawili, alifuata karanga zake akakuta maganda. Akashtaki kwa Kiboko, mwamuzi.

"Ghala limekosea," alisema Buku, kichwa chini. "Nasikitika sana."

"Basi ghala litozwe faini," akaamua Kiboko. Faini ikatolewa katika vikapu vya wenye akiba.

Kindi alijua kelele hazishibishi watoto. "Mheshimiwa," akasema, "kama ghala ndilo lililokula, basi Buku naye kaibiwa kama sisi. Maskini, naomba aje ale kwangu."

Mbele ya baraza, Buku hakuweza kukataa.

Jioni Kindi alitenga karanga moja iliyobaki nyumbani. Mwanawe mdogo akaisogeza kwa Buku. "Anza wewe, mjomba. Mgeni hali mwisho."

Buku akawaona watoto wanavyogeuka pembeni kumeza mate. Mkono ukamwishia njiani.

"Mama Kindi," Buku akasema, "ghala halina tumbo. Nilikula mimi."

Kindi akaipasua karanga vipande vinne. "Haya, kula," alimwambia. "Kesho nitakusindikiza kwa Kiboko, ukayaseme hayo."