Meno ya Kabedi

"Wangu ni huyu hapa, tata," jirani yangu alisema, akamsukuma Kabedi mbele ya munganga wa meno aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua watoto.

Sote tuliojaa sebuleni kwa jirani pale Kapata tulijua kwamba Kabedi ni mtoto wa dada yake, ameshuka juzi tu kwenye treni ya Mutshatsha. Wake mwenyewe, wanne, ambao meno yao yameliwa na bonbon, alikuwa amewafungia chumbani. Picha ya mtoto mwenye meno mazuri kuliko wote ingetundikwa dispensari, na jirani aliitaka. Nani aharibu utamu?

Munganga akachungulia kinywani. "Hakuna hata moja yenye kutoboka! Mama, unamusukulaka na dawa gani ya meno?"

"Ile ya duka la kantini, tata. Ya bei."

"Muzuri. Kabedi, leta brosse yako, usukule meno, mi nipige foto."

Kabedi akamtazama mama yake mdogo. Mama mdogo akatazama dari.

Basi mtoto akaiendea babula, jiko la makaa lililozimika tangu asubuhi, akaokota kipande cha makala, akakitafuna kru-kru, akasugua kwa kidole mpaka mdomo ukawa mweusi kama sufuria. Tulicheka hadi viti vikalia. Kisha akasukutua, akatema nje, akatabasamu: meno meupe kama unga wa muhogo.

Munganga akageuka polepole. "Mama. Na hii ni ya kantini?"

"Mutoto ni wa dada yangu, tata," akajibu bila kupepesa, "lakini makala ni yangu. Piga foto."