Njia ya Hewa

Panya aliyelala kwa dawa ya usingizi alining'inia kwenye uzi kwa meno yake ya mbele, taa ikimmulika koo kwa nje. Daktari Lugendo, aliyetumwa na hospitali ya mji kuja maabara kujifunza kupitisha mrija wa kupumulia, aliusukuma kwa mara ya tatu. Tumbo la panya likavimba.

"Umeingia njia ya chakula tena," alisema Sikudhani, mtunza wanyama, ndani ya barakoa yake. "Usisukume. Vuta ulimi, subiri koo lifunguke, ndipo upitishe."

"Mkono wangu mzito, mama."

"Hata kwa watoto wachanga?"

Daktari aliushusha mrija. "Mwezi uliopita nilimpoteza mmoja. Nilihangaika dakika kumi na moja kumpitishia mrija."

"Wa kike."

"Ndiyo. Nani kakwambia?"

Siku ile Sikudhani alikuwa mlangoni pa wodi ya uzazi na kanga mpya ya kumpokelea mjukuu, na daktari huyu huyu ndiye aliyetoka akamtikisia kichwa. Sikudhani angeimaliza kazi ile kwa nusu dakika. Lakini nani angemwita mtunza panya?

Alimpokonya mrija, akavuta ulimi wa panya kwa pamba, akangoja, akapitisha. Kisha akaweka kioo kidogo kwenye ncha ya mrija. Kikaingia ukungu, kikatakata, kikaingia ukungu tena.

"Anapumua," alisema daktari, akitabasamu.

Sikudhani akavua barakoa, akamtazama. Tabasamu la daktari likafifia polepole. Kwenye kioo, ukungu uliendelea kuja na kuondoka.