Sifuri Imegoma

"Soma!"

"Kumi na nane," alijibu mkewe, Kokuberwa.

Mzee Revelian aliachia tusi la Kihaya ambalo mkewe alijifanya hakulisikia. Meza ya mashine ilikuwa imeanzia kwenye kizuizi, ikaenda hadi mwisho, ikarudi palepale. Namba nazo zilitakiwa zirudi palepale zilipoanzia: sifuri. Hazikurudi. Tangu asubuhi sifuri ilikuwa imegoma.

Mashine yenyewe haikuwa na kosa. Ni mashine ya kuchongea vyuma, nzito kama ng'ombe wawili. Aliinunua siku kiwanda chao cha Barabara ya Pugu kilipofilisiwa na kila kitu kupigwa mnada, akaisimika uani kwake Kiwalani chini ya bati. Ndiyo iliyowalisha tangu apunguzwe kazi. Kilichomtia wazimu ni kile kidude cha Dubai: rula ndefu ya kioo inayofungwa ubavuni mwa meza, pamoja na kisanduku kinachoonyesha kwa namba nyekundu meza imesogea kiasi gani.

Wala hakukitaka. Aliyekitaka ni Edgar, mwenye karakana kubwa Mbezi Beach.

"Mzee wangu, siku hizi mashine bila namba naifanyia nini?" alisema Edgar. "Funga hiyo kitu. Nikija kesho nikakuta inasoma sawa, naondoka na mashine, hela nakuachia mkononi."

Bila Edgar hakuna nauli ya treni, hakuna meli, hakuna Bukoba. Revelian alikuwa ameichoka Dar. Alitaka kuzeekea kwenye migomba ya baba yake, karibu na kaka zake. Macho ndiyo yaliyomwamulia. Yalikuwa yameingia ukungu, na zile namba kwake zilikuwa wekundu tu unaotambaa. Siku hizi yeye anaelekeza, mkewe anasoma vipimo, na mara nyingi ni mkewe huyohuyo anayekata chuma. Wateja hawajui. Edgar naye hakutakiwa kujua, maana mtu akishajua huoni, anakununua wewe na mashine yako kwa bei ya chuma chakavu.

"Labda bolti ya nyuma imelegea," alisema Kokuberwa.

Mzee akajipenyeza nyuma ya mashine, akaitafuta kwa kupapasa. Kweli ilikuwa imelegea kidogo. Akaikaza, roho ikamtulia.

"Haya, Mama Tekla. Zungusha."

Kokuberwa alizungusha hendeli. Meza ikaenda, ikarudi. Mzee alikuwa ameweka kidole kwenye kizuizi, akahisi chuma kikigusa chuma.

"Hapo! Soma."

"Tatu."

"Tatu? Si ilikuwa kumi na nane?"

"Imeandika tatu, Baba Tekla. Mie nisome nini?"

Wakarudia. Arobaini na moja. Ndege ikapita juu ya bati ikishuka uwanjani, mzee akailaumu ndege. Wakangoja ipite, wakarudia. Tisa. Akalaumu malori, akamlaumu aliyekitengeneza kidude, aliyekisafirisha na aliyemuuzia.

"Kosa la kweli linarudi vilevile!" alifoka. "Likiwa kumi, litakuwa kumi tena. Hili linacheza. Linanichezea mie!"

Fakihi, kijana mwenye mashine ya kusaga mtaa wa pili, akaingia uani na shafti begani.

"Shikamoo mzee. Nisaidie fundi wangu, mfereji wa kushikia puli umelika, puli inazunguka peke yake. Kina mama wamejaa pale na ndoo zao za mahindi."

"Marahaba. Hatupokei kazi. Tunauza, tunaondoka."

"Iache hapo, mwanangu," alisema Kokuberwa. "Tutaiangalia."

Fakihi alipotoka, mzee akamgeukia mkewe.

"Tutaangalia nini? Si wewe uliyekwishafunga magodoro kamba? Sufuria umewagawia majirani!"

"Mtu ana shida, Baba Tekla. Na huko kwa kaka zako nitashika jembe tu. Acha nishike chuma mara ya mwisho."

Mzee alikuwa amekaa juu ya kreti, amejishika kichwa, na ni mkewe aliyemwinua.

"Tusikate tamaa. Tujaribu tena."

Safari hii mzee alisafisha kila kitu kwa kitambaa, akakaza kila skrubu, akazungusha hendeli mwenyewe, polepole, amebana pumzi. Meza ikagusa kizuizi laini kabisa. Kwa mikono yake angeweza kuapa kwamba imerudi palepale.

"Soma."

Kokuberwa alisogeza uso karibu na kisanduku. Akakawia kidogo.

"Ishirini na sita."

Mzee alirusha spana, ikagonga ndoo, kuku wakatawanyika. Alitaka kulia, na asingekuwa mwanaume wa zamani angelia.

"Basi," alisema. "Nikimuuzia hivi ataniita tapeli Dar nzima. Ngoja niende dukani kwa Khalfani nikampigie simu asije."

"Nikupeleke?"

"Njia ya kwa Khalfani miguu yangu inaijua."

"Na Bukoba je?"

"Bukoba haihami. Tutakaa tu hapahapa, tufanye nini sasa?"

"Pole, Baba Tekla," alisema mkewe, na pole ile ilitoka moyoni.

Geti lilipofungwa, Kokuberwa alibeba shafti ya Fakihi, akaibana kwenye vaisi juu ya meza. Kisha, kama mumewe alivyomfundisha kufanya kabla ya kukata, alizungusha hendeli hadi mwisho, akairudisha meza taratibu mpaka ikagusa kizuizi, akatazama kisanduku.

Sifuri, sifuri, sifuri. Kama ilivyokuwa tangu asubuhi.