Redio ya Mzee Zahoro

Siwema aliipakata redio, imefungwa kwenye kanga, akaikumbatia. Mara mbili Utsav, mwenye duka, alinyoosha mikono kuipokea. Mara mbili Siwema alijifanya anatafuta fundo.

"Bibi, mpe basi," Clotilda alisema. "Tumetoka Ilala kwa miguu kwa ajili ya hiyo."

Juu ya kaunta zilikuwapo nyingine mbili za namna ileile: nyeusi, zina mkono wa kubebea, redio mbele, kifuniko cha CD juu. Moja ya Clotilda, aliyeinunua ili wateja wake wa chapati wapate muziki. Moja ya Eliasi, fundi viatu. Wote wawili walikuwa majirani wa Siwema, ukuta kwa ukuta.

"Redio inashika, sikatai," Eliasi alisema. "Hata hizi stesheni mpya zinazozaliwa kila mwezi. Lakini CD hapana. Ukiitia, inakohoa, inazunguka, inanyamaza. Kama mshenga aliyesahau alichotumwa."

"Yako angalau inakohoa," Clotilda alisema. "Yangu inanitazama tu."

Utsav alionyesha kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. "Kila mtu nilimjaribishia hapahapa, akaridhika."

"Ulitujaribishia redio," Clotilda alisema. "CD ukasema nayo ni hivyohivyo."

"CD zenu ndizo mbovu, za kunakili. Nilisema juzi, narudia leo. Nileteeni moja ya aina hii inayoimba CD, nitawabadilishia zote mbili."

"Ndiyo hiyo, ameipakata bibi," Eliasi alisema.

Mtaa mzima uliijua redio ya Mzee Zahoro, mume wa Siwema. Tangu macho yake yazime, mzee alishinda barazani, na kila aliyepita alimsifia redio yake. Haikwaruzi, alisema. Haina makelele ya vinanda, inakupa sauti ya mwimbaji peke yake, na taarabu zote za ujana wake inazo. Majirani waliisikia wenyewe kila alasiri, hata siku za mgao wa umeme, ikiimba chumbani nyuma ya pazia, mahali ambapo Siwema hakuruhusu mtu kuingia. Ndipo nao wakaenda Kariakoo kununua.

Siwema angeweza kuwazuia. Siku Clotilda alipopita na pesa zake za upatu kwenye ncha ya kanga, alimwona. Neno lilimfika mdomoni. Lakini mumewe alikuwa amekaa pale karibu, anasikia, basi akalimeza. Tangu hapo kila chapati aliyoletewa na Clotilda ilimkaba kooni.

Sasa Zahoro alikuwa kwenye benchi la duka, fimbo katikati ya magoti.

"Niliwaambia ya kwangu msiihesabu," alisema. "Haifanani na zenu."

"Ndiyo maana tumeileta, mzee," Eliasi alisema. "Ikawafunze wenzake adabu."

Siwema alimgeukia mumewe. "Baba Fatuma, twende zetu nyumbani. Watajaribu siku nyingine."

"Tulia, mama. Mbona sauti imekukauka leo?"

Clotilda alichoka kungoja, akalifungua fundo mwenyewe. Utsav akaichomeka redio kwenye umeme, akatia CD ya taarabu aliyokuja nayo mzee, akabonyeza.

Ikakohoa. Ikazunguka. Ikanyamaza.

Utsav akapuliza ndani, akapangusa kwa pamba, akabonyeza tena. Kimya. Akaigeuza, akafungua mahali pa betri. Pakavu, vyuma vinang'aa.

"Humu hamjawahi kutiwa betri," alisema.

"Haiwezekani," Eliasi alisema. "Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, nasi tukaisikia."

"Na jana iliimba, nimeisikia kwa masikio yangu haya," Clotilda alisema. "Bibi, umeifanya nini?"

Siwema alifunika uso kwa ile kanga. Mwaka mzima alikuwa akiliogopa swali hilo, na zaidi ya swali alimwogopa yule aliyekaa kwenye benchi.

"Nisamehe, baba Fatuma," alisema.

Zahoro alipapasa hewani mpaka mkono wake ukalipata bega la mkewe, ukatulia pale.

"Utsav, mwanangu, usijisumbue na hicho kidude," alisema. "Hakiimbi mpaka huyu asimame nyuma ya pazia. Na wiki ile aliyopata mafua, nacho kilipata mafua."