Mnyama Asiyewinda

Mto ulikuwa unapanda mlima, na mwalimu wa jiografia hakuwa tayari kuufumbia macho, hata kama aliyeuchora kwenye ramani ni mume wake.

"Ni nchi ya kubuni," mume alijitetea. "Ina majoka wanaotema moto."

"Wateme tu. Lakini maji yateremke." Akatua begi la shule, akachukua kalamu nyekundu. "Na huku nyuma ya milima mvua imetoka wapi? Mawingu yakishamwaga yote upande wa bahari, upande huu unabaki jangwa. Futa msitu."

Roho ilimuuma mume, lakini akaufuta. Tangu aache kazi ili aandike riwaya, mke ndiye aliyekuwa msomaji wake pekee, na hakuwa msomaji mwenye huruma.

Wanyama ndio waliomshinda kabisa. Alikuwa amejaza simba wenye mabawa bonde zima.

"Watakula nini, mawe?" mke akauliza. "Kila mnyama niambie anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Ukishindwa, huyo si mnyama, ni pambo."

Mume akabaki mezani akitafuna kalamu. Mara mama mkwe akapita, akazima taa iliyokuwa inammulikia, akaenda kukaa kwenye kiti laini kuliko vyote pale sebuleni. Ndivyo alivyokuwa. Kubisha hodi hajui. Anafunua sufuria kuona kilichobaki. Kila asubuhi anauliza kama hicho kitabu bado hakijaisha.

Mume akamtazama kwa muda. Kisha akaanza kuandika, akicheka kimoyomoyo.

Ngurumbi hachimbi pango. Huingia la mwenzake na kulala penye joto. Hawindi, hunusa kilichowindwa na wengine. Akishiba hukoroma, akiguswa hununa. Haogopi kitu ila kufukuzwa.

Mke aliposoma, kalamu nyekundu ilibaki hewani. Kwa mara ya kwanza hakusahihisha hata nukta.

"Huyu yuko hai," alisema. "Umemtoa wapi?"

"Kichwani tu."

Mchapishaji naye alimpenda ngurumbi kuliko majoka wote, akamweka kwenye jalada. Kitabu kilipotoka, mume alizificha nakala zake uvunguni. Hakujua kwamba mke, kwa furaha, alikuwa ameshampa mama yake moja.

Wiki hiyo, akiwa chumbani, mume alimsikia mama mkwe akifunua kurasa, akiguna, akirudi nyuma kusoma upya. Alitunga maneno ya kuomba radhi, akayatupa, akatunga mengine.

Jumapili, wote wakiwa mezani, mama mkwe akakiweka kitabu kando ya sahani yake.

"Huyu ngurumbi," alisema, "nimemtambua."

Kijiko kikamponyoka mume. "Mama, ile ni hadithi tu..."

"Ngoja nimalize, mwanangu." Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nilishaamua mwisho wa mwezi niwaambie mkatafute nyumba ya kupanga. Lakini mtu anayeweza kujichora mwenyewe hivi, bila kuona haya, nitamtoaje nyumbani kwangu?"